Kamba Ililala Wapi?

Vijana wangu, mtu akiwaambia kwamba kazi ya karani wa mahakama ni kuandika, mwambieni hajawahi kuifanya. Mimi nimekuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo miaka mingi, mingine upande wa Handeni na mingi zaidi upande wa Korogwe, tangu siku za mwanzo za Uhuru hadi vijiji vya Ujamaa vilipokwisha kusimama. Nasema kwa kinywa kipana kwamba nimetembea mashambani kuliko bwana shamba. Nimebeba kamba, nimebeba vigingi, nimemshika mkono bibi kizee kumvusha korongo ili atuonyeshe mpaka. Nyuki wamenikimbiza mara mbili. Kalamu ilikuwa mfukoni tu.

Siku hizi mnakuja kwangu mmoja mmoja, mnakaa hapo barazani, mnaanza kwa kuulizia afya yangu, nami najua kabisa hamkuja kwa ajili ya afya yangu. Mzee wenu amefariki, ameacha shamba au nyumba, na ninyi mlioachiwa hamsikilizani. Huyu anataka kuuza, yule anataka pagawanywe, wa tatu anataka pabaki kama palivyo. Mnataka niwape jibu moja. Jibu moja sina. Ninazo njia kadhaa nilizoziona zikitumika, na mojawapo niliivuruga kwa mikono yangu mwenyewe. Hiyo niliyoivuruga ndiyo iliyonifundisha kazi.

Lakini kwanza nyumba ya mabati, maana naona mnavyolikaribia kosa lake.

Palikuwa na ndugu wawili mjini Korogwe, sitawataja, wameachiwa nyumba moja ya vyumba vinne. Hawakuja mahakamani. Walijiona werevu, wakasema vyumba viwili vyako, viwili vyangu, kesi imekwisha. Mwaka haukupita, yule mdogo akapata kiwanja kwingine, akaja na ngazi akaezua mabati ya upande wake akaondoka nayo. Masika ikaingia. Ukuta wa katikati ulikuwa wa udongo, na ukuta wa udongo haujui huyu ni kaka wala huyu ni mdogo. Nyumba ilidondoka yote, na hapo ndipo walipotufikia, wakitaka mahakama igawe kifusi.

Hakimu wetu, mtu wa kusini, mrefu, asiyecheka kwa urahisi, aliwauliza kwa nini hawakuja mapema. Nyumba haikatwi kama mkate. Mmoja angeweza kumnunua mwenzake sehemu yake, nyumba ikabaki nzima. Wangeweza kuipangisha wakagawana kodi. Wangeweza kuuza nyumba nzima kwa kukubaliana, kila mtu akaenda na fungu lake. Na wangeshindwa kabisa kukubaliana, mmoja angeomba mahakama iamue: igawe kama inagawika, au iamuru iuzwe kama haigawiki. Njia zote hizo zilikuwepo wakati nyumba imesimama. Wale ndugu walitazamana, na yule mdogo akauliza kama kifusi nacho kinapangishwa. Hakimu alicheka siku ile.

Sasa nije Makuyuni.

Mzee mmoja mkulima alifariki akaacha shamba refu lenye mikorosho, nafasi ya mahindi, na minazi. Aliacha watoto watatu, mama yao alikwisha kutangulia. Mkubwa alikuwa Athumani, mtu wa kulima, aliyebaki nyumbani maisha yake yote. Wa pili Mwanahawa, aliyeachika akarudi kwao, mwanamke mkavu wa maneno. Wa mwisho Saidi, aliyekuwa kibarua wa katani kule Ngombezi, akikaa kwenye kambi za wafanyakazi wa shamba. Saidi hakutaka kulima. Alitaka fungu lake auze, tena alikwisha kumpata mnunuzi wa mjini. Athumani akasema shamba la baba haliuzwi kwa mtu baki hata siku moja. Mwanahawa akasema yeye hagombani na mtu, ila anataka kujua chake kinaishia wapi.

Walikaa kikao cha ukoo baada ya arobaini, wakamchagua Athumani kuwa msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Athumani alidhani kusimamia ni kumiliki. Akapiga marufuku mtu kukanyaga shambani bila ruhusa yake. Saidi akapanda basi akaja kufungua shauri.

Siku ya kwanza hakimu aliwauliza swali ambalo ninyi nanyi mtaulizwa, kwa hiyo lijueni: marehemu aliishi kwa sheria gani? Maana sisi Wazigua tuna mambo yetu ya zamani ya upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno zito. Lakini pia tu Waislamu, na marehemu huyu alisali, aliozesha kwa kadhi na akazikwa kwa sheria hiyo. Mjomba mtu alikuwapo, akaulizwa kama ana dai. Akasema, "Mimi sina dai, hakimu. Nimekuja kuwaangalia wasipigane." Basi ikawa mirathi ya Kiislamu: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Jumla mafungu matano. Mwanahawa fungu moja, Saidi mawili, Athumani mawili.

Hakimu akamgeukia Athumani, akamwambia kwa upole kwamba msimamizi ni kama mpakuaji wa shughulini: anashika upawa, lakini chungu si chake. Kisha akamgeukia Saidi. Akamweleza kwamba ardhi yenyewe ni ya umma, serikali imekwisha kusema. Anachoweza kuuza ni jasho lililo juu yake, yaani miti na majengo. Tena auze cha kwake tu, baada ya kugawanywa, na ndugu zake waulizwe kwanza kabla ya mgeni. Wote wakaitikia. Shamba likaamriwa kupimwa ligawanywe, na mtu wa kwenda kupima nikawa mimi.

Mpima ardhi wa serikali tungempata wapi siku zile, kwa shamba la mkorosho? Tulipima kwa kamba ya katani. Kamba moja ilikuwa hatua kumi za Mzee Mhina, mzee wa baraza aliyekaa na hakimu kushauri, kwa kuwa tulikubaliana hatua za hakimu ni za twiga na zangu ni za kuku. Mzee Mhina huyu alikuwa amefanya kazi ujanani mwake kwenye korona, kiwanda kinachokamua majani ya mkonge kutoa katani, na kamba ile aliisuka mwenyewe. Aliipenda kuliko baiskeli yake. Kila tulipomaliza aliitundika jikoni kwake juu ya moshi. Mara ngapi aliniambia, "Karani, kamba ilale pakavu." Nilidhani anaogopa isioze.

Siku ya kwanza tulipima upana wa shamba zima, kuanzia korongoni hadi mpaka wa jirani. Kamba arobaini kamili. Gawa kwa tano, kila fungu kamba nane. Mwanahawa nane, Saidi kumi na sita, Athumani kumi na sita. Hesabu ilikaa vizuri hata nikajisifu mwenyewe. Jua likawa linazama, tukakubaliana vigingi vichomekwe kesho yake. Mzee Mhina akapata habari ya msiba kwao, akaondoka, akaniachia kamba.

Nikaiacha juu ya kisiki palepale shambani. Nitaibeba hadi wapi, na asubuhi naihitaji papo hapo? Usiku ikanyesha.

Asubuhi kamba ilikuwa inachuruzika maji. Niliikamua kama nguo, nikaanza. Hakimu alikuwa na safari ya Handeni na alitaka taarifa yangu kabla ya basi, nami nilitaka aone kijana wake anavyofanya kazi upesi. Nikaanza korongoni kwa Mwanahawa, kamba nane, kigingi. Nikaendelea kwa Saidi, kumi na sita, jua likipanda na kamba ikikauka taratibu, kigingi. Na kipande cha Athumani? Sikukipima. Nani anapima kipande cha mwisho? Kilichobaki ndicho chake, nilijua ni kumi na sita. Tukapanda miche ya mkonge kando ya vigingi, nikaandika, nikapiga mbio kituoni. Niliwahi basi. Hakimu akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilitembea siku ile kama mwenye shati jipya.

Zikapita siku chache. Nikiwa peke yangu ofisini, Mwanahawa akaingia, kanga kaifunga kibwebwe, miguu ina vumbi hadi magotini. Kutoka Makuyuni alikuwa amekuja kwa miguu.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Kamba yenu imenipunja."

Nikatabasamu lile tabasamu la makarani. Mnalijua. Nikafungua faili, nikamsomea: Mwanahawa, kamba nane. Nikamwambia nane ni nane, mama, na imeandikwa.

"Imeandikwa, nimesikia. Mimi nimetembea. Nimetembea kwangu, nimetembea kwa Saidi, nimetembea kwa kaka Athumani. Kwangu hatua themanini na tatu. Kwa kaka Athumani mia moja themanini na sita. Mimi si nusu yake?"

"Ni nusu yake."

"Nusu ya mia themanini na sita ni tisini na tatu. Nimeuliza kwa mwalimu, asije akasema mtu nimejitungia. Sasa zangu zimekwenda wapi?"

Nikamwambia, tena nikicheka, kwamba hatua zake ni fupi, na sheria haipimi kwa miguu ya mwanamke. Maneno hayo niliyatamka mimi, na mpaka leo yananiwasha.

Hakukasirika. "Miguu yangu ni mifupi, mwanangu. Lakini ni mifupi kote."

Kisha akanieleza kilichomtoa Makuyuni. Kigingi changu kilikuwa kimeangukia hatua chache kabla ya safu ya minazi saba. Minazi ile aliipanda mama yao mwenyewe, kila mtoto aliyezaliwa mmoja, na saba walizaliwa, wanne wakafa wadogo. Safu ilikuwa imekwenda upande wa Saidi. Na mnunuzi wa Saidi alikuwa anakuja Jumamosi. "Ardhi sililii," akasema. "Akishauza, ile minazi tutakuwa tunaitazama kutoka njiani."

Nikamwambia nitalitazama jambo lake. Hilo nalo ni neno la makarani. Alipotoka nilirudisha faili kabatini.

Jioni ile Mzee Mhina alirudi kutoka msibani, akapita kuuliza kazi ilikwendaje. Nikamsimulia, na mkasa wa miguu ya Mwanahawa nikausimulia kwa mbwembwe ili acheke. Hakucheka. Aliniacha nimalize, halafu akauliza swali moja.

"Kamba ililala wapi?"

Nikamjibu: kwenye kisiki.

"Na mvua?"

Nikakiri kwamba ilinyesha. Akaniambia nimfuate hadi nyuma ya nyumba yake, mkewe alipokuwa ameanika nguo kwenye kamba ya katani iliyolegea. Akachota kata ya maji akaimwagia kamba ile kutoka mwisho hadi mwisho. Tukakaa. Kidogo kidogo ikaanza kujikaza, nguo zikanyanyuka, mpaka ile nguzo ya upande mmoja ikaegemea ndani. "Katani ikinywa maji hunenepa," akasema. "Na ikinenepa hufupika. Kila mwanamke anayeanika nguo Korogwe hii anajua. Ni wewe tu na hakimu msiojua."

Vijana, niliona giza. Kamba iliyolowa ilikuwa fupi, na Mwanahawa ndiye aliyepimiwa asubuhi ikiwa imelowa kabisa. Saidi alipata iliyokauka nusu. Upungufu wote ulikuwa umekwenda kujikusanya kule mwisho, kwa Athumani, kwenye kipande ambacho sikukipima. Kwa haki yake Mwanahawa alistahili hatua tano zaidi, si kumi, maana za Athumani nazo zilikuwa zimezidi, na ndani ya hatua hizo tano ilisimama safu ya mama yao.

Nilimwomba Mzee Mhina tunyamaze. Nasema kweli, nilimwomba. Nilikuwa kijana, nina mke mjamzito, na kazi ya serikali wakati ule haikuokotwa njiani. Nikamwambia yule mama anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, sheria inamruhusu. Mzee Mhina akasema, "Anaweza. Na siku za rufaa zinakwisha, na Jumamosi inakuja, na wewe ndiye utakayeandika kumbukumbu za kupeleka kwenye hiyo rufaa. Utaandika nini?" Akaingia ndani akaniacha na nguo za mkewe.

Asubuhi nilimwambia hakimu. Alisikiliza bila kuinua macho. Nilingoja aniambie nifungashe vitu vyangu. Badala yake alinisogezea faili.

"Andika," akasema. "Wewe ndiye karani."

Nikaandika kosa langu kwa mwandiko wangu, ndani ya faili la watu wengine: kwamba mimi niliiacha kamba nje, kwamba nilipima ikiwa imelowa, kwamba kipande cha mwisho sikukipima. Hakimu akasoma, akasahihisha herufi moja, akatia saini. Kisha akanifundisha kitu kilichonisaidia miaka yote iliyofuata. Hukumu ilisema kila fungu liwe sehemu ya tano. Hukumu hiyo ilikuwa sahihi na haiguswi. Kilichokosea ni upimaji, na upimaji usiofuata hukumu hurudiwa bila rufaa ya mtu. Kwa hiyo ninyi mkiona mmepunjwa, kwanza angalieni mmepunjwa wapi: ni katika uamuzi, au ni katika utekelezaji. Njia zake ni mbili tofauti, na wengi hupoteza miaka kwa kushika ile isiyo yao.

Ijumaa tuliwaita wote watatu. Saidi alikuja kutoka Ngombezi na hasira zake zote. Akasema mahakama gani hii, leo kigingi hapa kesho pale, dada yake kaja kulia ofisini basi. Mzee Mhina hakubishana. Aliinyoosha kamba kavu barazani, tukaweka alama ncha zote mbili. Akaitumbukiza kwenye ndoo. Tukazungumza habari za mvua na mahindi kwa muda, akaitoa, akainyoosha tena. Ilipungua zaidi ya nusu hatua, mbele ya macho ya watu.

Saidi akaishika ncha. "Ukiivuta inarefuka," akasema. Yeye naye mtu wa katani, anaijua.

"Vuta basi," Mzee Mhina akamwambia. "Vuta mpaka ifike kwenye alama."

Saidi akavuta. Alikuwa na nguvu, misuli ya kukata mkonge, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na kamba haikufika. Akaitupa chini. Athumani, ambaye ndiye aliyekuwa amefaidika zaidi bila kujua, akasema, "Kama ziko kwangu, zirudi. Sikutaka cha mtu." Nilimheshimu tangu siku hiyo, pamoja na ubishi wake wote.

Alasiri ileile tukapima upya, kwa kamba kavu, na mara hii vipande vyote vitatu. Kigingi cha Mwanahawa kilisogea kikavuka safu. Saidi alirudishiwa hatua zake upande wa pili, tena zaidi ya zile alizopoteza, lakini hazikuwa na minazi. Akamwambia dada yake mbele yetu, "Umeniharibia biashara. Nanyi mbaki na minazi yenu." Akaondoka bila kuaga. Mwanahawa alikaa chini kwenye majani, kando ya mnazi wa kwanza, akalia. Katika kesi nzima sikuwa nimemwona akilia.

Athumani aliulizwa kama atanunua sehemu ya mdogo wake. Hakuwa na uwezo, wala Mwanahawa hakuwa nao. Saidi akauza kwa yule mtu wa mjini, kwa bei ya chini, na sheria ilikuwa upande wake kwa kuwa ndugu waliulizwa kwanza. Mtu anaweza kuwa na haki na bado ukamwonea huruma.

Hapa kijana mmoja aliwahi kunikatisha akasema, sasa mzee, si afadhali wangeuza shamba lote mara moja? Labda. Wakati mwingine kuuza ndiko kunakookoa undugu. Nimeona ndugu wakiuza nyumba kwa amani, wakagawana, na mpaka leo wanaalikana harusini. Nimeona wengine wakikataa kuuza, wakaandikishana kutumia kwa zamu, mwaka wako mwaka wangu, na wakaweza. Cha muhimu ni mambo yaandikwe, mashahidi wawepo, na kila kitu kitajwe kwa jina lake, mti kwa mti. Msiseme "na vinginevyo". Hiyo "na vinginevyo" imenilipa mshahara miaka mingi. Na msikubali kugawiwa na mtu mwenye haraka ya basi. Kuna msemo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Msemo ni wa kweli, lakini mimi huongeza kwamba hata waliopatana wapime.

Miaka ikaenda. Likaja Azimio, vikaja vijiji. Kule Makuyuni watu walihamishiwa karibu na njia, mashamba yakaunganishwa, na vile vigingi vyetu vikang'olewa pamoja na mikonge yake. Mpaka niliousotea nikaandika kwa aibu, trekta liliupita asubuhi moja. Shamba la pamoja lilimeza sehemu ya Athumani, likameza ya yule mnunuzi, likameza mahindi ya Mwanahawa. Kamati ya kijiji iliacha miti ya kudumu mikononi mwa wenyewe, pale ilipoweza kuonekana ni ya nani. Ile ya mnunuzi alikwisha kuikata siku nyingi apate nafasi. Safu ya minazi saba ilibaki imesimama katikati ya mahindi ya kijiji, na kila mtu alijua ni ya nani, maana ilikuwa na faili.

Nilitumwa huko kwa shauri jingine kabisa, la mbuzi. Nikaona nipite kuitazama. Nilipokaribia nikaona chini ya safu kuna kibanda cha makuti, moshi unatoka, na mtu yuko juu ya mnazi wa tatu, panga kiunoni. Aliponiona akashuka. Alikuwa Saidi. Amekonda, nywele zimeanza mvi.

Tukasalimiana. Hakuzunguka. Kazi ya katani ilikuwa imepungua, waliopunguzwa kwanza ni wakataji, na kambini hakai asiye na kazi. Alichouza kilikwisha zamani. Alikuwa amerudi Makuyuni na sanduku moja, akasimama njiani hajui aende upande gani, kwa sababu upande wake haukuwepo tena. Dada yake alimwona kutoka mbali, akaja akabeba sanduku.

"Karani," akaniambia, "siku ile ndoo ingekuwa haina maji, ningeshinda. Na ningeshinda, hii nayo ningeiuza. Leo ningelala wapi?"

Mimi ndiye niliyekaribia kumpa ushindi huo, kwa tabasamu langu na faili langu, na kama si mwanamke aliyetembea kutoka Makuyuni kwa miguu mifupi nisingejua mpaka leo.

Mwanahawa akatokea na kapu, akaniitikia shikamoo yangu, hakutaja lolote la zamani. Saidi akapanda tena mnazini. Kule juu akauliza, kama mtu aliyezoea kuomba ruhusa, "Dada, niangushe ngapi? Na fungu langu ni lipi?"

Mwanahawa akatandika kanga chini kwenye majani, akasogea pembeni.

"Angusha tu, Saidi," akasema. "Hapa hatupimi."